Mpaka Azinduke: Aliyeugua Akili katika Fiqhi na Historia, na Swali la Mpanda

  

Tukiwa Mpanda, baada ya swala ya alasiri, mzee mmoja alitusogelea akatuuliza swali kwa sauti ya chini. Mdogo wake alikuwa muadhini wa msikiti wa mtaa kwa miaka mingi. Akaugua akili, akapelekwa Mirembe, akatibiwa, akarudi. Sasa ni mwaka wa pili anakunywa dawa zake, analima, anauza nyanya sokoni na hesabu yake haipungui. Lakini tangu arudi hajaruhusiwa kushika tena kipaza sauti, na watoto aliokuwa akiwasomesha juzuu wamepelekwa kwa mwalimu mwingine. "Mashekhe," alisema mzee yule, "ndugu yangu kwa hospitali amepona, kwa sisi nyumbani amepona, ila msikitini bado ni mgonjwa. Vitabu vinasemaje?"

Tulimjibu kwa ufupi siku ile, kwa kuwa magharibi ilikuwa karibu. Jibu lenyewe ni refu kidogo, na tumeona tuliandike hapa, kwa sababu hatudhani kuwa ni Mpanda peke yake penye muadhini aliyenyamazishwa.

Kalamu iliyoinuliwa ina mpaka

Kila mwanafunzi wa madrasa anaijua hadithi ya watu watatu walioinuliwa kalamu. Imepokewa kutoka kwa Bibi Aisha na Sayyidna Ali (R.A.), nayo imo katika vitabu vya Sunan. Maana yake ni kwamba mtoto haandikiwi hadi abaleghe, aliyelala haandikiwi hadi aamke, na mwendawazimu haandikiwi hadi akili imrudie. Tumezoea kuisoma kwa nusu yake ya kwanza, ile ya kuinuliwa kalamu, na nusu ya pili tunaipita haraka. Lakini tazama, ndugu msomaji: wote watatu wamewekewa mpaka. Mwendawazimu ametajwa pamoja na mtoto na aliyelala, yaani pamoja na watu ambao hali yao inatarajiwa kwisha. Na katika baadhi ya mapokezi limekuja neno la ifaqa, ambalo ni kuzinduka, neno lile lile Waarabu wanalomtumilia aliyezimia akapata fahamu.

Hadithi hii haikukaa vitabuni tu. Katika zama za Sayyidna Umar (R.A.) aliletwa mwanamke mwendawazimu aliyezini, ikaamuliwa apigwe mawe. Sayyidna Ali alikutana nao njiani, akawarudisha, akamkumbusha Khalifa kuhusu kalamu iliyoinuliwa, na mwanamke yule akaachiwa.

Mafaqihi walikuja wakajenga juu ya msingi huu. Waliugawa wazimu sehemu mbili: ule unaoendelea bila kukatika, waliouita mutbiq, na ule unaokuja na kuondoka. Wakaulizana hata kipimo cha ule usiokatika. Kwa Mahanafi, katika mlango wa uwakala, Abu Yusuf alisema ni mwezi, na Imam Muhammad bin al-Hasan akasema ni mwaka kamili. Kwa nini wajishughulishe na hesabu hizi? Kwa sababu walikuwa wakichunga haki ya mtu. Ambaye wazimu wake unakatika, basi katika saa za kuzinduka kwake yeye ni mtu kamili: akiuza, kuuza kwake kunasihi, akioa, ndoa yake inasihi, akiusia, wasia wake unatekelezwa. Na wajibu nao unamrudia: swala, saumu na mengineyo.

Sisi wa Afrika Mashariki wengi wetu tumesomea madhehebu ya Imam Shafi'i, na mwanafunzi aliyefika mbele kidogo ameusoma mlango wa hajri katika Minhaj ya Imam an-Nawawi. Humo kuna jambo ambalo tungependa kila imamu wa mtaa alirudie. Aliyezuiwa kutumia mali yake kwa sababu ya wazimu, zuio lake linaondoka kwa kule kuzinduka tu. Wenye kuisherehesha Minhaj wakabainisha kuwa hahitaji hukumu ya kadhi ya kumfungulia. Mfujaji wa mali aliyezuiwa na kadhi anahitaji kadhi amfungulie. Aliyekuwa mwendawazimu hahitaji. Akili ikirudi, haki zake zimerudi nayo, na wala hatakiwi kupita nyumba kwa nyumba akithibitisha.

Hapa anaweza kusimama mtu wa kamati ya msikiti akasema: hayo ni ya mali, na uadhini ni cheo. Hoja hii ina uzito wake, na tusiipuuze. Mafaqihi wamesema kadhi akipatwa na wazimu uongozi wake unaondoka, na kwa kauli yenye nguvu haurudi kwa kuzinduka peke yake, bali mpaka ateuliwe upya. Kwa hiyo kamati iliyomweka muadhini mwingine wakati yule anaumwa haikukosea. Mtu alikuwa mgonjwa na adhana haisubiri. Ila kuhitaji kuteuliwa upya ni jambo moja, na kukatazwa milele ni jambo jingine. Sharti la muadhini katika mlango huu ni awe na akili zake pale anapoadhini, si kwamba asiwe amepata kuugua tangu azaliwe. Hata katika uimamu, ambao ni mkubwa zaidi, madhehebu ya Shafi'i yanasema kuwa anayepatwa na wazimu na kuzinduka, akiwaswalisha watu akiwa katika kuzinduka kwake, swala yake na swala yao zinatosha.

Tukitoka katika hukumu tukaingia katika tabia, Imam Muslim amepokea kutoka kwa Anas (R.A.) kisa cha mwanamke wa Madina aliyekuwa na kitu katika akili yake. Alimwendea Mtume (S.A.W.) akasema ana haja naye. Mtume hakumwambia aje na walii wake. Alimwachia achague njia anayoitaka miongoni mwa njia za mji, akasimama naye kando mpaka alipomaliza haja yake. Riwaya haisemi haja hiyo ilikuwa nini. Kilichohifadhiwa ni kwamba alisikilizwa mpaka mwisho, tena hadharani, pale alipotaka yeye.

Wahudumu waliolipwa kukaa na wagonjwa

Historia ya Waislamu katika jambo hili ina ya kujivunia na ina ya kuinamisha kichwa, na mwandishi mwaminifu hutaja yote mawili.

At-Tabari ameandika kuwa Khalifa al-Walid bin Abdul-Malik, mwaka 88 Hijria (707 Miladia), aliwawekea wenye ukoma posho ili wasiombeombe, na akampa kila kiwete mtumishi na kila kipofu mtu wa kumwongoza. Mwaka 259 Hijria (872 Miladia), Ahmad bin Tulun, mtawala wa Misri, alijenga hospitali ambayo ndani yake walitengewa wagonjwa wa akili mahali pao. Al-Maqrizi anasimulia kuwa mtawala huyo alikuwa akiitembelea kila Ijumaa, hadi siku moja mgonjwa wa akili alipomwomba komamanga. Akaletewa. Mgonjwa akalishika, akamtupia mtawala kifuani. Tangu siku hiyo Ibn Tulun hakurudi tena. Kisa hiki huwachekesha wanafunzi. Sisi kinatupa fikra nyingine: mkubwa alikuja kwa ukubwa wake, akarushiwa tunda, akakasirika akaenda zake. Kesho yake wagonjwa walikuwa bado pale, pamoja na wahudumu wasioweza kukasirika wakaondoka.

Hao wahudumu ndio tunaotaka kuwazungumza. Sheikh Mustafa as-Siba'i wa Syria, aliyefariki mwaka 1964, ametaja katika maandishi yake juu ya ustaarabu wetu waqfu mmoja wa Tripoli ya Sham. Pato la waqfu huo lilikuwa likiwalipa watu wawili wapite hospitalini kila siku, wasimame karibu na mgonjwa, wazungumze wao kwa wao kwa sauti ya chini lakini ya kusikika, kwamba leo uso wake una nuru zaidi na macho yake yamechangamka. Kazi yao ilikuwa hiyo tu. Mtu alitoa shamba au duka lake kuwa sadaka ya kudumu ili mgonjwa asikie maneno ya matumaini kutoka kwa watu wasiokuwa na faida ya kumdanganya. Katika hospitali ya Sultani Bayezid wa Pili kule Edirne, iliyojengwa mwaka 1488, msafiri Evliya Çelebi aliandika karne ya 17 kuwa wapigaji 10 walikuwa wakiwapigia wagonjwa mara 3 kwa wiki. (Mas-ala ya ala za muziki hatuyaingii hapa. Tunanukuu historia.)

Naye Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 322 Hijria (934 Miladia), aliandika kitabu juu ya maslahi ya miili na nafsi ambacho madaktari wa leo wanakirejea kwa mshangao. Alisema kuwa maradhi ya nafsi yanampata mwanadamu mara nyingi kuliko ya mwili, na kwamba dawa yake ina sehemu mbili: fikra njema ambazo mtu anajiwekea mwenyewe akiwa mzima, na maneno yanayomjia kutoka nje, kwa mtu mwingine. Sehemu hii ya pili ndiyo tuliyoisahau.

Ama ya kuinamisha kichwa: al-Hasan al-Wazzan, ambaye Wazungu wanamwita Leo Africanus, alikuwa karani kwa miaka miwili katika hospitali ya Fez alipokuwa kijana. Ameeleza wagonjwa wa akili waliofungwa minyororo na kupigwa walipozidi. Kwa hiyo asitokee mtu akasema Waislamu hawakufunga watu. Walifunga, na baadhi yetu tunafunga hadi leo, kwenye nyumba za waganga na vyumba vya uani.

Lutindi, Mirembe na reli ya Mpanda

Katika Tanganyika hospitali za waqfu za namna ile hazikufika. Mahali pa kwanza palipotengwa kwa wagonjwa wa akili palikuwa Lutindi, katika milima ya Usambara. Wamisionari wa Kijerumani walipaanzisha mwaka 1896 kuwa makao ya watoto waliokombolewa utumwani, na mwanzoni mwa karne ya 20 pakageuzwa kuwa pa wagonjwa wa akili. Waingereza nao wakafungua Mirembe, Dodoma, mwaka 1927, na karibu yake Isanga, kwa wale waliofikishwa mahakamani. Kwa miaka mingi Mirembe ilikuwa ndiyo Hospitali ya Wazimu kwa nchi nzima, na jina lake likageuka tusi. Mtu akikosea hesabu dukani anaambiwa aende Mirembe. Tusi hilo tumelisikia hata ndani ya misikiti, tena baina ya watu wanaojua adabu za ulimi.

Wa Mpanda wao Mirembe waliijua kwa reli. Njia ya reli kutoka Kaliua hadi Mpanda ilijengwa baada ya Vita Kuu ya Pili kwa ajili ya madini ya risasi, na mji ukakua pale reli ilipoishia. Machimbo yale yalifungwa zamani, treni ikabaki. Mgonjwa alipandishwa treni Mpanda pamoja na ndugu wawili wenye nguvu, wakalala njiani hadi Kaliua na Tabora, kisha wakashika njia kuu kuelekea Dodoma. Kurudi vivyo hivyo, na mara nyingi ndugu mmoja tu, kwa kuwa nauli ilikuwa imekwisha. Leo kuna barabara ya lami kutoka Tabora, na Katavi, mkoa uliotengwa na Rukwa mwaka 2012, una hospitali yake ya rufaa. Safari imefupika. Ila kwa mtu wa Karema ziwani au wa Mishamo, hata Mpanda mjini ni mbali pale dawa za mwezi zinapokwisha.

Kuna kipindi serikali ilijaribu njia nyingine, na tunaona haijasifiwa inavyostahili. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, vilianzishwa vijiji ambamo waliotoka hospitali waliishi pamoja na ndugu zao, wakalima na kufuga karibu na wanakijiji wa kawaida. Kimoja ni Hombolo karibu na Dodoma, kingine Vikuruti karibu na Dar es Salaam. Wazo lilikuwa kwamba mtu hawezi kujifunza tena kuishi na watu akiwa amefungiwa mbali na watu. Baadaye, mwanzoni mwa miaka ya 1980, ukaja mpango wa majaribio mikoa ya Morogoro na Kilimanjaro wa kuitoa tiba ya akili katika hospitali kubwa na kuipeleka zahanati. Kisha ikatungwa Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008.

Lakini wananchi wengi wana njia yao, nayo inaanzia kwa mganga. Utafiti uliofanywa Dar es Salaam na kuchapishwa mwaka 2003 ulikuta kuwa miongoni mwa waliokwenda kwa waganga wa jadi, asilimia 48 walikuwa na maradhi ya kawaida ya akili, kama huzuni na hofu iliyopita kiasi. Katika vituo vya afya walikuwa asilimia 24. Tusiwacheke watu hawa. Wanakwenda pale wanaposikilizwa. Ruqya ya kisheria kwa Qur'ani na dua ni sunna na hatuikatazi, ila anayemsomea mgonjwa kisha akamwambia atupe vidonge vya hospitali amebeba dhamana nzito mbele ya Mola wake, kwa kuwa Mtume (S.A.W.) ameamrisha kujitibu.

Aijuaye ni aliyepitia

Tumewaona watu wawili wa Tripoli wakilipwa ili waseme maneno mema. Walikuwa wazima, waliajiriwa. Swali ambalo karne zilizofuata zilikuja kulijibu ni hili: je, aliyepata kuugua mwenyewe hawezi kuifanya kazi hiyo vizuri zaidi? Wazee wetu wamesema adhabu ya kaburi aijuaye maiti.

Kisa kinachojulikana zaidi kinatoka Paris. Mtu mmoja akiitwa Jean-Baptiste Pussin aliingia hospitali ya Bicêtre akiwa mgonjwa wa tezi, akapona, akabaki pale akifanya kazi, hadi akawa msimamizi wa wodi ya wenye wazimu. Akawa anachagua wahudumu wake miongoni mwa wagonjwa waliopona au wanaoelekea kupona, kwa kuwa aliona hao hawana haraka ya kupiga. Daktari Philippe Pinel alipofika mwaka 1793 alijifunza kwake, na hakuona haya kuandika hivyo. Mwaka 1797 Pussin akawafungua wagonjwa minyororo. Vitabu vingi na picha zikampa daktari sifa hiyo, kama ilivyo desturi ya dunia.

Katika miaka ya 1970 huko Marekani waliopata kulazwa walianza kukutana wenyewe, bila madaktari, na kudai kuwa kupona si lazima kuwe ni kukosa kabisa dalili za ugonjwa. Mtu anaweza kuwa na ugonjwa wa kudumu, kama mwenye kisukari, na bado akawa na kazi, ndoa, ibada na heshima yake. Wataalamu waliwapinga mwanzoni. Sasa wanafundisha hivyo vyuoni. Mwenye kusoma Minhaj hashangai: aliyezinduka ana haki zake zote hata ikijulikana kuwa ugonjwa huenda ukarudi.

Kwa jirani zetu wa Uganda jambo hili limeota mizizi. Mwaka 2005 mtandao wa Afrika wa watu waliopitia maradhi ya akili uliasisiwa Kampala. Katika Hospitali ya Butabika, iliyopo nje kidogo ya mji huo, watu waliopata kulazwa wamefunzwa na kupewa kazi ya kuwatembelea majumbani wale wanaotoka. Anayetembelewa hatazamwi kwa jicho la askari. Anafunguliwa mlango na mtu anayemwambia: kitanda cha wodi ile nimekilalia mimi pia, na dawa hiyo inayokutetemesha mikono ilinitetemesha mimi, nenda mwambie daktari apunguze, usiitupe. Maneno hayo daktari anaweza kuyasema, lakini kinywani mwake yana uzito mwingine.

Na kwetu pia. Kati ya miaka ya 2018 na 2022 ulifanyika mradi uliohusisha miji sita: Ulm na Hamburg za Ujerumani, Kampala, Dar es Salaam, Beer Sheva na Pune ya India. Katika kila mji waliopona walifunzwa kuwa wasaidizi wa wanaougua, na jambo likapimwa kitaalamu. Tena kulikuwa na jaribio jingine la Muhimbili na Mbeya, ambalo lilikutanisha wagonjwa na ndugu zao katika vikundi, familia kadhaa chumba kimoja, wajifunze ugonjwa na washauriane. Walilipa jina la Kiswahili, Kuwezeshana Kupata Uzima, na kwa kifupi KUPAA. Jina hilo limetupendeza, kwa kuwa limeweka uzima katika kuwezeshana.

Hapa tunaweka tahadhari. Msaada wa aliyepitia si badala ya daktari, na aliyepona si lazima awe mwalimu wa wengine. Wapo wanaotaka kuusahau ugonjwa wao na wana haki hiyo. Siri ya mgonjwa nayo ni amana. Mtu asisimamishwe mimbarini kuwa mfano bila ridhaa yake, hata kama nia ya khatibu ni njema.

Katavi yenyewe

Mkoa huu una watu wengi waliobeba mizigo ya moyo. Katumba ilianza kupokea wakimbizi wa Burundi baada ya mauaji ya mwaka 1972, na Mishamo ikafunguliwa mwaka 1978. Kuanzia mwaka 2014 wakimbizi wa miaka ile na watoto wao, takriban watu 162,000 pamoja na wa Ulyankulu, walikabidhiwa hati za uraia wa Tanzania. Mtafiti Liisa Malkki, aliyekaa Mishamo katikati ya miaka ya 1980, aliandika jinsi watu wale walivyokuwa wakisimuliana tena na tena habari za kukimbia kwao, hadi masimulizi yakawa historia yao wote. Hatudai kuwa hiyo ilikuwa tiba, wala yeye hakusema hivyo. Tunachokiona ni kwamba walioyapita yale hawakumwachia mtu mmoja mmoja ayabebe kimya. Muadhini wetu, kinyume chake, amebeba lake kimya katika safu ya nyuma.

Na hili ndilo tuliloliona kuwa zito zaidi ya mas-ala ya kipaza sauti. Baada ya kumjibu mzee, tulikaa na watu wa kamati. Walikuwa watu wema, na hofu yao haikuwa ya ubaya: je, akiugua tena katikati ya adhana? Tuliwauliza, je, muadhini wa sasa akianguka kwa presha katikati ya adhana mtafanya nini? Wakasema mwingine ataimalizia. Tukanyamaza, nao wakanyamaza. Kisha mmoja wao, kijana mwenye duka la vipuri vya pikipiki, akasema jambo ambalo hatukulitarajia. Akasema mkewe amekuwa halali usiku tangu ajifungue, analia, na hakujua amuulize nani, kwa sababu mtu pekee mtaani anayejua mambo hayo ni yule waliyemnyamazisha.

Jibu letu kwa mzee, kwa ukamilifu wake, ni hili. Ndugu yako ni mukallaf, na swala zake zinahesabiwa. Zile zilizompita katika siku za kutojitambua, kwa madhehebu yetu, hazimlazimu kuzilipa. Mali yake ni yake na asiulizwe. Adhana yake inasihi. Kurudishwa katika kazi ni juu ya kamati, na wanayo haki ya kupanga zamu, wakaanza naye kwa adhuhuri na alasiri kama wanataka utulivu wa moyo, mwenziwe akiwa karibu. Kumkatalia kwa sababu tu aliwahi kwenda Mirembe hakuna msingi tuliouona katika vitabu. Kuhusu watoto wa juzuu, wazazi wazungumzwe kwanza, tena yeye akiwepo, na asizungumziwe kama hayupo.

Alfajiri ya siku tuliyoondoka hatukumsikia akiadhini. Kamati ilikuwa bado haijakaa. Lakini tulipopita karibu na hospitali kuelekea stendi ya mabasi, tulimwona kwenye benchi la nje akiwa na kadi yake ya kliniki mkononi. Pembeni yake alikuwa yule kijana wa vipuri, na mkewe, na mtoto mchanga amefungwa khanga. Muadhini alikuwa akizungumza na mama yule polepole, ameinamisha kichwa, na kijana alikuwa amesogea mbali kidogo ili wasimwone kuwa anasikiliza.